Sura ya Saba: Taa Ambayo Karatasi Haiioni

Weka mezani balbu mbili nyekundu, uziwashe, uzitazame. Jicho litakuambia kwamba zote ni nyekundu, na huenda usizitofautishe hata ukizikodolea. Sasa zipeleke katika chumba cha giza. Chini ya moja utasafisha picha mchana kutwa na weupe wa karatasi utabaki mweupe. Chini ya nyingine kila picha itatoka na utusitusi wa kijivu, na utadhani dawa imechacha au karatasi imepitwa na muda. Wako waliomwaga dawa nzima na kununua karatasi mpya, kumbe aliyeharibu kazi anang'aa juu ya vichwa vyao. Karatasi ya picha haioni kama tunavyoona sisi, na anayetaka kuweka taa za LED katika chumba chake lazima aanze hapo, kabla hajaenda dukani.

Utando unaopakwa juu ya karatasi ya picha ni jelatini iliyochanganywa na chumvi za fedha, hasa bromidi na kloridi. Kwa asili yake chumvi hizo huguswa na mwanga wa buluu na wa urujuani, pamoja na miale ya ng'ambo ya urujuani ambayo sisi hatuioni kabisa. Kijani, njano na nyekundu hazina nguvu ya kuzigusa. Mwaka 1873, mkemia Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba chumvi hiyo ikitiwa rangi fulani huanza kuhisi kijani. Ugunduzi huo uliwapa wapiga picha majani na ngozi za watu zenye vivuli vinavyoaminika, na hapohapo ukawapunguzia mwanga wa kufanyia kazi. Zilipokuja filamu zinazohisi rangi zote, nyekundu ikiwamo, filamu ikarudi gizani moja kwa moja. Hakuna LED itakayobadilisha jambo hilo: filamu ya kawaida ya kamera huingizwa katika tangi lake kwenye giza totoro, kwa kupapasa. Karatasi ya picha za rangi nayo ni vivyo hivyo, na kwa maoni yangu anayeisafisha asijisumbue na taa yoyote.

Karatasi za weusi na weupe ndizo zenye nafasi, lakini nazo haziko sawa. Zile za zamani, zinazouzwa kwa daraja moja la kontrasti, nyingi huona buluu tu, hivyo taa ya rangi ya kaharabu haizidhuru. Karatasi za kontrasti badilifu, ambazo Ilford ilianza kuziuza kwa jina la Multigrade mwaka 1940, huona buluu na kijani pia. Ndiyo siri yake: sehemu ya utando hujibu zaidi kwa kijani na kutoa picha laini, na buluu hutoa picha kali. Leo karatasi nyingi madukani ni za aina hii. Uwezo wake wa kuona hauishii kwa mstari ulionyooka. Hufifia taratibu kuelekea njano, na mfifio huo ndio unaowatega watu. Vilevile filamu za eksirei zinazohisi kijani, zinazosafishwa katika vyumba vya giza vya hospitali ambazo hazijahamia kwenye mashine za kidijitali, zinataka nyekundu. Kaharabu haizifai.

Basi kwa nini tusiweke nyekundu iliyokolea kabisa na kumaliza mambo? Kwa sababu na sisi tunahitaji kuona. Mwanga hupimwa kwa urefu wa mawimbi yake, kwa nanomita. Buluu ya LED iko karibu na 450, kijani 525, kaharabu 590, nyekundu ya kawaida 620 hadi 630, na nyekundu iliyokolea 660. Jicho la binadamu lina kilele chake kwenye 555, na ukienda upande wa nyekundu linapoteza nguvu haraka mno. Kwa nishati ileile ya mwanga, kaharabu ya 590 huonekana angavu mara 12 hivi kuliko nyekundu ya 660, na nyekundu ya 625 mara tano. Anayechagua 660 kwa kuhofia usalama atalazimika kuongeza taa mpaka aone mikono yake, na kila taa anayoongeza inamwondolea sehemu ya usalama aliokuwa akiutafuta. Kwa karatasi ya kontrasti badilifu, nyekundu ya 620 hadi 630 ndiyo ninayoipendekeza. Kaharabu ya 590 inavutia kwa mwangaza wake, lakini mkia wake unaingia karibu mno na kijani ambacho karatasi hiyo inakiona.

Kabla ya LED, kazi hii ilifanywa na balbu ya kawaida ya wati 15 iliyofungwa nyuma ya kioo cha rangi, ikining'inizwa angalau mita 1.2 kutoka kwenye meza. Balbu hiyo hutoa rangi zote, na kazi ya kioo ni kuzuia zisizotakiwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya umeme iligeuka joto ndani ya boksi, na joto hilohilo liliendelea kuibabua rangi ya kioo mwaka baada ya mwaka. Kioo kilichochoka huonekana bado chekundu au cha kahawia, lakini kinavujisha. Taa za chumba cha giza zilizorithiwa kutoka studio ya zamani zipimwe upya kabla ya kuaminiwa, hata kama mwenye studio alizitumia maisha yake yote.

LED inafanya kazi kwa njia tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niipende kuliko taa zote zilizopita katika chumba cha giza. Ni chembe ya fuwele. Umeme unapopita ndani yake, elektroni hushuka kutoka ngazi moja ya nishati hadi nyingine, na kimo cha mshuko huo ndicho kinachoamua rangi. Hakuna rangi ya ziada ya kuchujwa kwa sababu haikuzalishwa. Chembe nyekundu ya 625 hutoa ukanda mwembamba wenye upana wa nanomita 20 hivi, na nje ya ukanda huo karibu hakuna kitu. Nick Holonyak alionyesha LED ya kwanza ya mwanga mwekundu unaoonekana mwaka 1962, akiwa mhandisi wa General Electric huko Marekani. Ilikuwa hafifu, ya kufaa kuwa taa ya ishara tu kwenye mitambo, na ilichukua miongo kadhaa kupata nyekundu zenye nguvu ya kuangaza chumba. Lakini angalia mpangilio wa historia: rangi ya kwanza kupatikana ndiyo hasa iliyohitajika na wasafisha picha.

Buluu ndiyo iliyochelewa. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura waliipata ile yenye nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kutoka kwa buluu hiyo ilizaliwa balbu nyeupe tunayoitumia majumbani. Balbu nyeupe ya LED kwa kweli ni chembe ya buluu iliyofunikwa na unga wa manjano: unga humeza sehemu ya buluu na kuirudisha kama njano, jicho huchanganya hizo mbili na kuona nyeupe. Kwa karatasi ya picha, hiyo ni taa kali ya buluu.

Na hapa ndipo balbu zetu mbili zinapoachana. Kiwandani kuna njia mbili za kutengeneza balbu nyekundu ya LED. Ya kwanza ni kuweka ndani chembe nyekundu zenyewe. Ya pili, inayofaa tu kwa mapambo ya harusini na baa, ni kuchukua balbu nyeupe ya kawaida na kuivika kofia ya plastiki nyekundu. Plastiki hiyo huzuia buluu ya kulitosheleza jicho, si ya kuitosheleza karatasi. Boksi halisemi ni ipi, na muuzaji hajui. Balbu zinazobadili rangi kwa rimoti zina chembe tatu ndani, nyekundu, kijani na buluu. Unapochagua nyekundu, zile mbili nyingine zinatakiwa zizimike kabisa, lakini katika baadhi ya hizo mkondo mdogo wa umeme huendelea kupita na kuziacha ziking'aa kidogo sana. Sizipendekezi. Kama mtu hana budi kutumia utepe wa aina hiyo, akate waya za kijani na buluu zisifikiwe na umeme.

Kuna njia rahisi ya kuchuja balbu kabla hata ya kuilipia, nayo inahitaji CD kuukuu. Mistari iliyochongwa kwenye CD imepangwa kwa nafasi ya mikromita 1.6, finyu kiasi cha kutawanya mwanga katika rangi zake. Simama mahali penye giza kiasi, shika CD upande unaong'aa, igeuzegeuze mpaka uone taswira ya balbu ikivutika pembeni kuwa ukanda. Balbu yenye chembe nyekundu itaonyesha doa jekundu peke yake. Ile ya kofia itaonyesha nyekundu, halafu machungwa, na mara nyingi kijani, na wakati mwingine buluu hafifu mwishoni. Ukiona chochote zaidi ya nyekundu, irudishe kwenye rafu. Lakini CD ni ya kukataa tu. Balbu iliyofaulu mbele yake bado haijaruhusiwa kuingia kazini, kwa sababu mvujo mdogo ambao jicho halioni kwenye CD unaweza kuonwa na karatasi iliyokaa chini ya taa kwa dakika tano.

Kipimo cha mwisho ni karatasi yenyewe, na wengi hukifanya kwa njia inayowadanganya. Njia hiyo maarufu ni kuweka sarafu juu ya kipande cha karatasi mpya chini ya taa kwa dakika kadhaa, kisha kukisafisha. Isipoonekana alama ya sarafu, mtu anafurahi. Tatizo ni kwamba chembe ya chumvi ya fedha ina kizingiti. Mwanga ukiigusa, hujenga ndani yake kikundi cha atomi za fedha, na mpaka kikundi hicho kifikie kama atomi nne hivi, dawa haiwezi kuiibua. Karatasi mpya, ambayo haijaguswa na mwanga wowote, inaweza kunywa mwanga mbaya wa taa yako kwa muda mrefu bila kuvuka kizingiti. Itatoka nyeupe safi. Lakini karatasi unayofanyia kazi kweli haiko hivyo: imeshapigwa mwanga wa mashine ya kukuzia, na chembe zake nyingi ziko ukingoni. Zinahitaji msukumo mdogo tu. Kwa hiyo taa inayopita mtihani wa sarafu inaweza bado kuzifubaza sehemu angavu za picha halisi: mawingu, kanzu nyeupe, mapovu ya wimbi.

Fanya hivi badala yake. Zima kila taa. Katika giza kamili, pata kwanza muda wa mashine ya kukuzia, bila negativu, unaoipa karatasi kijivu chepesi sana, kile kinachoonekana kwa shida pembeni mwa weupe. Ukishaupata, piga mwanga huo kwenye nusu ya karatasi mpya na nusu nyingine uifunike. Iweke karatasi yote mahali unapofanyia kazi, na hasa karibu na sinia la dawa, maana hapo ndipo picha hukaa muda mrefu zaidi. Washa taa nyekundu. Kwa kadibodi, ifunue hatua kwa hatua, ukikatisha kwenye nusu zote mbili, ili sehemu moja isipate mwanga wowote wa taa, na nyingine zipate dakika moja, mbili, nne, nane na kumi na sita. Zima taa, safisha gizani kwa muda uleule unaoutumia siku zote, uweke kwenye fiksa, uoshe, ukaushe.

Tazama karatasi hiyo nje, kwenye mwanga wa jua. Karibu kila mara upande uliopigwa mwanga kwanza utaonyesha ngazi mapema kuliko upande ambao haukupigwa, na mwenye kuona hilo kwa macho yake haulizi tena kwa nini sarafu haitoshi. Tafuta hatua ya kwanza ambayo unaweza kuitofautisha na sehemu iliyofunikwa muda wote. Kama ni dakika nane, hesabu kwamba una dakika nne. Hesabu pia muda wote ambao karatasi inakaa chini ya taa, tangu inatoka kwenye bahasha, kupangwa kwenye fremu, kuogeshwa katika dawa ya kuibua, mpaka inapoingia kwenye fiksa. Mtu anayekata karatasi kubwa vipande vinne na kuviacha mezani anasahau kwamba cha nne kimekaa muda mrefu kuliko vyote. Kama kipimo kimekupa muda mfupi, iinue taa juu zaidi au igeuze imulike dari iliyopakwa nyeupe. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga wa taa ndogo unaofika mezani hushuka hadi robo.

Vifaa vyenyewe ni vya bei ndogo. Utepe wa LED nyekundu wa volti 12, wa rangi moja, hukatwa kwa mkasi kila baada ya taa tatu mahali palipowekwa alama. Ule wa wati 4.8 kwa mita unatoa mwanga mwingi kupita kiasi, na sentimita 10 zikielekezwa darini zinatosha chumba kidogo, zikila kama nusu wati. Betri ya volti 12 ya Ah 7 ina akiba ya Wh 84 hivi, na kwa hesabu hiyo utepe huo unaweza kuwaka zaidi ya saa 100. Kwa nchi zenye mgao wa umeme hili si jambo dogo. Picha iliyoko kwenye sinia wakati umeme unakatika haitaharibika tena kwa mtu kuwasha tochi ya simu kwa hamaki.

Hatari kubwa zaidi ya LED, naamini, inatoka kwenye taa ambazo hukuzikusudia. Balbu za kuchaji, zile zinazojiwasha zenyewe umeme ukikatika, zimejaa majumbani kwetu, na ni balaa katika chumba cha giza. Umeme unakwenda, na chumba kinajaa mwanga mweupe huku boksi la karatasi liko wazi. Ziondoe kabla ya kuanza. Kuna balbu za LED zinazoendelea kung'aa kidogo baada ya kuzimwa, mara nyingi kwa sababu fundi ameunganisha swichi kwenye nyutro badala ya laivu, au swichi ina kitaa chake cha ndani. Mchana huoni, lakini baada ya nusu saa gizani, jicho likishazoea, utaiona kama mwezi mchanga darini, na filamu itakuwa imeiona zamani. Vitaa vya chaja, vya ekstensheni, vya ruta na vya saa ya mezani vifunikwe kwa plasta nyeusi. Kaa dakika 20 gizani bila kufanya lolote, ukitazama kila kona, kabla ya kufungua filamu katika chumba kipya.

Na sasa ile buluu iliyochelewa. Ndani ya kichwa cha mashine ya kukuzia inageuka kuwa neema. Balbu ya zamani ya wati 75 au 150 hupasha negativu joto mpaka inabinuka katikati ya kazi na fokasi inapotea. Tena huutegemea umeme kwa unyenyekevu mbaya: volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga wake hushuka kwa karibu asilimia 30 na kugeuka mwekundu zaidi, kwa hiyo hata kontrasti ya karatasi hubadilika. Anayesafisha picha jioni, majirani wote wakipika na kupiga pasi, hawezi kurudia picha aliyoifanya asubuhi. LED yenye adapta nzuri inayoshika mkondo usiobadilika haina habari na mambo hayo. Inawaka na kuzimika papo hapo, hivyo sekunde tatu ni sekunde tatu. Joto halimo katika mwali wake, ingawa nyuma ya chembe limo, na zinahitaji bamba la aluminiamu la kulitawanya.

Balbu nyeupe ya LED ikitumika na filta za kawaida za kontrasti inafanya kazi, lakini madaraja hayatapishana kwa usawa uliopangwa na kiwanda, kwa sababu kati ya buluu yake na kijani chake kuna bonde. Ile yenye weupe wa joto itatoa picha laini kuliko yenye weupe wa baridi, kwa kuwa ina buluu kidogo. Njia bora ni kuachana na nyeupe: panga chembe za buluu ya 450 na kijani ya 525 kwenye bamba moja, kila rangi na swichi yake, na chini yake plastiki ya maziwa ya kuchanganya mwanga kabla haujafika kwenye negativu. Bila plastiki hiyo, mashine yenye lenzi za kukusanya mwanga inaweza kuonyesha kila chembe kama doa. Piga karatasi tupu mpaka iwe kijivu cha kati, uone kama kona zimelingana na katikati. Zisipolingana, sogeza plastiki mbali zaidi na chembe.

Fokasi ichukue kwa kijani, maana jicho hupata taabu na buluu. Kisha anza na kijani peke yake, ukipiga vipande vya majaribio mpaka sehemu angavu za picha zipate alama ya kwanza ya undani, bila kujali weusi utakuwa hafifu kiasi gani. Shikilia muda huo, halafu juu yake ongeza buluu kwa hatua, kipande hadi kipande, mpaka kivuli kizito kiwe cheusi kweli. Negativu iliyopigwa saa sita mchana ufukweni itataka kijani kingi na buluu kidogo, na ile ya siku ya mawingu itataka kinyume chake. Andika sekunde zote mbili nyuma ya picha kwa penseli, pamoja na kimo cha kichwa cha mashine na jina la karatasi.